Kishikwambi kisichosikiliza hakitamfaa mtoto wa Bute

MWEZI jana nilikaa siku mbili katika shule moja ya msingi karibu na Bute, makao makuu ya eneobunge la Wajir Kaskazini. Sikwenda kukagua mtu. Rafiki yangu anayefundisha huko alikuwa amenialika nikamsikilize mwanafunzi wake wa gredi ya tatu. "Njoo usikie mwenyewe, mwalimu," aliniambia kwa simu. "Huyu mtoto mwaka jana alikuwa hasemi Kiswahili hata neno moja."

Nilipoingia ofisini mwake, jambo la kwanza nililoliona ni sanduku la chuma lenye kufuli. Ndani yake mlikuwa na vishikwambi vya shule. Nani alivileta si hoja yangu leo. "Hizo ziko," akasema, "lakini betri ya sola ilikufa, na hata zikiwaka watoto huziangalia tu kama sinema." Kisha akatoa simu yake mfukoni, ya bei ya chini na yenye kioo kilichopasuka pembeni, akasema: "Mimi natumia hii."

Alimwita binti wa miaka tisa hivi. Kwanza akacheza sauti aliyoirekodi mwaka uliopita. Kisomali ndicho anachozungumza mtoto huyo nyumbani, na katika ile rekodi alisema: "Jana mfua ilinyesha. Baba yangu alibata maji." Binti aliposikia sauti yake ya zamani alicheka hadi akafunika uso kwa mtandio. Kisha akasema, polepole, huku akikaza midomo: "Jana mvua ilinyesha. Baba yangu alipata maji." Baada ya hapo akatusimulia hadithi nzima ya fisi aliyetaka kuozwa binti wa ngamia, bila kusitasita.

Nimeitumia siku ile kama kipimo katika makala haya, kwa sababu imenilazimu kukihakiki upya kitu ambacho sisi wapenzi wa Kiswahili tumekuwa tukikisifu bila kukipima: ujumuishaji wa teknolojia katika madarasa ya chini. Hoja yangu ni moja. Swali la kwanza kuhusu kifaa chochote cha darasani si kina uwezo gani wala kiligharimu pesa ngapi. Swali la kwanza ni la lugha: kifaa hiki kinazungumza lugha gani, na je, kinamsikiliza mtoto au kinamsemea tu?

Tuanze na historia. Katika kampeni za 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Zabuni ya mwanzo ilivunjika kwa mivutano. Mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka wa 2016, kipakatalishi cha mwanafunzi kilikuwa kimegeuka kishikwambi, na walimu ndio waliopewa vipakatalishi, pamoja na projekta na seva ya kuhifadhi maudhui. Vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa katika shule zaidi ya 20,000 kote nchini. Shule zilizokuwa mbali na gridi ya umeme ziliwekewa paneli za sola. Kwa upande wa uchukuzi na miundombinu, hilo lilikuwa jambo kubwa, na sitaki kulibeza. Kuna shule za Kaskazini Mashariki ambazo zilimulikwa na taa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mpango huo.

Mwaka wa 2019 mtaala wa umilisi, CBC, ulianza kutumika katika gredi za mwanzo. Ujuzi wa kidijitali ukawa mmoja wa umilisi saba wa msingi. Tangu hapo, maneno "ubunifu" na "ujumuishaji wa teknolojia" yamekuwa kama chumvi: hayakosekani katika hotuba wala warsha yoyote. Lakini ukiangalia kinachofanyika darasani, mara nyingi utakuta ukurasa wa kitabu umehamishiwa kwenye kioo, au picha imerushwa ukutani kwa projekta na watoto wakaambiwa wasome kwa sauti. Kubadilisha kibuyu si kubadilisha maziwa.

Hebu sasa tumtazame mtoto wa Bute mwenyewe. Huyu ni mtoto ambaye nyumbani huzungumza Kiborana au Kisomali, na mara nyingi anazijua zote mbili. Kabla hajaingia shuleni, huenda tayari amepita duksi, ambako amejifunza herufi za Kiarabu. Anapofika darasani anakutana na Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Kwa hiyo kile tunachokiita "lugha ya taifa" kwake ni lugha ya tatu au ya nne. Haisikii sokoni kama mtoto wa Nakuru, wala haisikii kwa bibi yake kama mtoto wa Lamu. Mara nyingi huisikia kwa mtu mmoja tu: mwalimu.

Na mwalimu mwenyewe ndiye amekuwa adimu. Novemba 2014, watu 28 waliuawa katika basi lililokuwa limetoka Mandera, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020, walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Baada ya hapo Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo. Sitaki kumlaumu mwalimu aliyeondoka, uhai haununuliwi. Lakini tuelewe kilichoondoka naye. Wengi wa walimu hao ndio waliokuwa wakizungumza Kiswahili shuleni kutwa, hata nje ya darasa, hata wakati wa mpira. Walipoondoka, shule zilipoteza walimu na pia zikapoteza masikizi ya lugha.

Hapo ndipo lilipozuka wazo linalovutia wengi: kama mwalimu hapatikani, basi tupeleke mashine. Wanaolishikilia wana mfano wa kweli wa kuutaja, na ni haki tuupe nafasi. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liliwagawia vishikwambi watoto takriban 2,700 katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, Tanzania. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajawahi kukanyaga darasa. Programu zote zilikuwa za Kiswahili, na vifaa vilichajiwa kwa nguvu za jua. Mwishoni, wengi waliokuwa hawawezi kusoma hata neno moja walikuwa wameanza kusoma. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10.

Mimi pia nilifurahia habari hiyo. Lakini baada ya kutoka Bute nimeisoma tena kwa jicho jingine. Mtoto wa Tanga alipogusa kioo na kusikia "embe", alikuwa analijua embe na analijua neno. Kilichokuwa kigeni kwake ni herufi tu. Mashine ilimkuta tayari ana lugha, ikamfundisha kuiandika. Chukua kishikwambi hicho hicho, na programu hiyo hiyo, ukampe mtoto wa Bute. Sasa herufi ni ngeni, neno ni geni, na pengine hata embe lenyewe ni geni. Mashine itasema, mtoto atatazama. Ndiyo ile "sinema" aliyoisema rafiki yangu. Kwa hivyo Tanga haithibitishi kuwa mashine inaweza kushika nafasi ya mwalimu popote. Inachothibitisha ni kwamba mashine inayozungumza lugha ya mtoto inaweza kumfikisha mbali.

Kuna mfano mwingine wa hapa kwetu ambao haupigiwi debe sana. Kabla ya mradi wa kusoma wa Tusome kuenezwa nchini, mradi wa PRIMR ulifanya jaribio katika Kaunti ya Kisumu. Kundi moja la shule lilipewa visomeo vya kielektroniki vya wanafunzi. Kundi la pili, vishikwambi vya walimu. Kundi la tatu, vishikwambi vya washauri wanaozuru shule kuwasaidia walimu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalikuwa haya: shule zote hizo zilifanya vizuri kuliko zile ambazo hazikupata chochote, lakini vifaa havikuongeza tofauti kubwa juu ya kile kilichotokana na vitabu bora, mafunzo ya walimu na ushauri wa mara kwa mara. Na kumpa kila mtoto kifaa ndiyo iliyokuwa njia ghali. Tusome ilipoanza mwaka wa 2015, vishikwambi vilikwenda kwa washauri wa walimu, ambao walivitumia kurekodi walichokiona darasani na kupima usomaji wa watoto wachache. Yaani kishikwambi kilitumiwa kusikiliza. Naona hilo ndilo somo tulilolipuuza.

Sasa turudi kwa binti wa "mfua". Kisomali hakina sauti /p/ wala /v/. Msemaji wake anayejifunza Kiswahili hutumia sauti iliyo karibu: /p/ inakuwa /b/, na /v/ inakuwa /f/. Hili si kosa la uvivu wala la akili. Ni kanuni ya kawaida, ile ile inayomfanya Mkenya mwingine achanganye "r" na "l". Lakini katika Kiswahili tofauti hizo zinabeba maana. "Pata" si "bata". "Vua" si "fua". Mtoto asiyezisikia tofauti hizo hawezi kuziandika, na asiyeweza kuziandika atakosa alama katika imla na insha huku mwalimu akidhani hajui sarufi.

Mtu hasikii lafudhi yake mwenyewe akiwa anazungumza. Anaisikia akirekodiwa. Hicho ndicho kitu ambacho kitabu hakiwezi, ubao hauwezi, na hata mwalimu bora zaidi hawezi: kumrudishia mtoto sauti yake baada ya kuitoa. Simu ya bei nafuu inaweza. Haihitaji intaneti, jambo lenye uzito katika eneo ambalo minara ya mawasiliano imewahi kulipuliwa na wanamgambo. Haihitaji programu ya kununua. Inahitaji mwalimu anayejua asikilize nini.

Rafiki yangu hufanya hivi. Jioni humtembelea mzee au bibi wa kijiji na kurekodi hadithi fupi kwa Kiborana au Kisomali. Asubuhi darasa linaisikiliza. Hakuna anayesinzia, kwa kuwa kuna mtoto atakayeruka na kusema, "Huyo ni akina nyanya yangu!" Kisha watoto wawili wawili wanaisimulia tena kwa Kiswahili, na mmoja anarekodi mwenzake. Wanajisikiliza. Wanabishana: alisema "bata" au "pata"? Mwalimu anaandika ubaoni maneno yaliyowashinda. Ijumaa hadithi inaandikwa daftarini. Kwa juma moja mtoto amesikiliza, amezungumza, amesoma na ameandika. Hizo ndizo stadi nne tunazozikariri vyuoni.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza atasema: mitihani iko kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa nini kupoteza muda na Kiborana? Nitamjibu kwamba sera yetu yenyewe inasema hivyo. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, msimamo umekuwa kwamba mtoto wa madarasa ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda anuwai za lugha za Wakenya. Zaidi ya hayo, hadithi aliyoielewa kwa lugha yake humpa mtoto kitu cha kusema kwa Kiswahili. Bila hivyo, tunamfundisha maneno bila kumpa la kusema.

Wa pili atasema: Bute inahitaji maji, madawati na walimu kwanza, hayo ya simu ni anasa. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana sipendekezi ununuzi mpya. Ninapendekeza matumizi mapya ya kilichopo. Simu iko mfukoni mwa mwalimu. Kishikwambi kiko sandukuni. Vyote vina maikrofoni. Mabilioni yalitumika kununua vioo vya kutazamwa, na tundu dogo la sauti pembeni ya kioo hicho halikutajwa katika hotuba hata moja niliyoisikia.

Wa tatu ni mimi mwenyewe na wenzangu tunaofundisha Kiswahili vyuoni, na hapa ndipo lawama inaponiuma. Kwa miaka mingi tumeshughulikia teknolojia kama suala la msamiati. Tumejadili kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumefurahi kueleza kwamba tarakilishi ni tarakimu na akili zilizounganishwa, na kwamba kipakatalishi ni kile unachokipakata. Kazi hiyo ina maana yake. Lugha isiyojitengenezea istilahi itaazima hadi ifilisike. (Ngamizi, bila shaka, lingewachekesha sana watoto wa Bute, ambao wangeuliza kama linakamuliwa.) Lakini tuliishia hapo. Tulikipa kifaa jina, hatukukipa kazi.

Nani kati yetu ameandaa mazoezi ya matamshi kwa mtoto ambaye Kisomali ndicho lugha yake ya kwanza? Nani ameandika kitabu cha Kiswahili kinachojua kwamba msomaji wake ana maneno tofauti ya ngamia jike, ngamia dume wa mizigo na ndama wa ngamia, yaani hal, awr na nirig, huku sisi tukimrundikia yote katika neno moja, ngamia? Vitabu vyetu vimejaa mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Tunapovihamishia kwenye kishikwambi, mahindi yale yale yanafuata, safari hii yakiwa na rangi na muziki. Mtoto wa jangwani anabaki mgeni katika kitabu na mgeni katika mashine.

Ndiyo maana ninashauri mambo matatu. Kwanza, vyuo vya walimu vifundishe jinsi ya kurekodi, kusikiliza na kuchambua matamshi ya mwanafunzi kwa simu ya kawaida, badala ya kuishia kwenye kuwasha projekta. Pili, hadithi zinazorekodiwa na walimu zihifadhiwe kwenye seva za shule, ili mtoto wa Buna aweze kusikiliza hadithi ya Bute, na walimu wa shule jirani wabadilishane kwa kadi ya kumbukumbu hata pasipokuwa na mtandao. Baraza la Kitaifa la Elimu kwa Wafugaji wa Kuhamahama, NACONEK, lina sababu zote za kuliongoza jambo hili, kwa sababu hadithi iliyo katika simu huhama na familia inapohama. Tatu, tubadilishe kipimo. Tusiulize tena shule ina vifaa vingapi. Tuulize mtoto ametoa nini kwa kifaa hicho: ametoa sauti gani, hadithi gani, sentensi gani ambayo mwaka jana hangeweza kuitoa.

Pengine msomaji anaona ninamtukuza mwalimu mmoja na simu yake iliyopasuka. Sivyo. Mwalimu huyo amechoka. Darasa lake lina watoto wengi kuliko madawati. Anachaji simu dukani kwa pesa zake, na akipata uhamisho kesho, rekodi zote zitaondoka mfukoni mwake. Ubunifu unaomtegemea mtu mmoja ni bahati tu, na mtoto hafai kusoma kwa bahati. Ndiyo sababu nataka jambo hili litoke mfukoni mwake liingie katika mafunzo, katika bajeti na katika vitabu.

Siku ya pili, kabla sijaondoka, binti yule alikuja na simu ya mwalimu mkononi. Alikuwa ametoka duksi na amebeba kile kibao cha mbao ambacho huandikwa kwa wino wa mkaa, kikaoshwa, kikaandikwa tena. Akanielekezea simu. "Sema jina ya hii," akaniamuru. Nikasema, kwa kujiamini kwa mtu aliyesomea isimu: "Loho." Darasa zima likaangua kicheko. Akanichezea rekodi. Kisha akalitamka yeye, loox, kwa ile sauti ya kooni ambayo Kiswahili hakina, akanirekodi tena, akanichezea tena. Nilijaribu mara nne. Ya nne akaitikia kwa kichwa, si kwa furaha kubwa, bali kama mwalimu anayemwambia mwanafunzi mzito kwamba angalau ameanza.